Nyumba ya Kwanza ya Askari: Ipangwe Kabla ya Kuchimbwa Msingi



Hakuna kamanda mwenye busara anayepeleka kikosi mahali ambapo hapajapelelezwa. Kwanza huwatuma watu kuitazama ardhi, mito na vichaka. Kisha humwaga mchanga chini, akatengeneza mfano wa vilima na njia, akawaita maofisa wake wauzunguke na kuuliza maswali. Kosa linaloonekana mchangani hurekebishwa kwa ncha ya fimbo. Kosa hilo hilo likionekana vitani, hulipwa kwa damu.

Ni ajabu basi kwamba askari aliyefundishwa hivyo, anapofikia kujenga nyumba yake ya kwanza, mara nyingi huanza na tofali. Hununua kiwanja, humwita fundi, humwonyesha nyumba ya jirani na kumwambia, "Nijengee kama ile." Kazi huendelea miaka mitatu au minne kwa kadiri mshahara unavyoruhusu. Siku familia inapohamia ndipo yanapogunduliwa mambo ambayo hayawezi kuondolewa tena: sebule inawaka kama tanuri tangu saa nane mchana, chumba cha watoto ni giza hata adhuhuri, na jiko limejaa moshi. Hapo fedha huanza kutoka upya, na safari hii hutoka kila mwezi: feni, taa za mchana, gunia la makaa, na dawa ya kikohozi.

Leo ukurasa wetu wazungumzia nyumba isiyokula umeme wala makaa ovyo. Wengi wakisikia maneno hayo hufikiri mara moja juu ya paneli za sola na vyombo vya ghali. La hasha. Sehemu kubwa ya akiba hiyo haina bei yoyote, lakini hupatikana mara moja tu, nayo ni kabla ya msingi kuchimbwa. Ukishamwaga zege, kila kilichokuwa cha bure sharti ukinunue.

MFANO WA UJERUMANI

Mwezi Mei mwaka 1988 wataalamu wawili, Bo Adamson wa Sweden na Wolfgang Feist wa Ujerumani, walianza kujadiliana juu ya swali moja: je, nyumba yaweza kupangwa vizuri kiasi cha kutohitaji moto wa kuipasha wakati wa baridi, au kuhitaji moto kidogo sana? Hawakukimbilia jembe. Walifanya hesabu kwanza: joto linaingia kutoka wapi, linatoroka kupitia wapi, na kila ukuta unapoteza kiasi gani. Mwaka 1990 ujenzi ulianza katika mtaa wa Kranichstein, mjini Darmstadt, nchini Ujerumani. Mwaka uliofuata familia nne zilihamia katika nyumba nne zilizoshikana. Kuta zake zilivikwa kizuizi cha joto chenye unene wa sentimeta 27 hivi, na madirisha yalikuwa ya vioo vitatu. Hesabu ilitimia: moto wa kupasha nyumba haukufika uniti 15 kwa kila mita mraba kwa mwaka, katika nchi ambamo maji huganda nje ya mlango.

Yafaa ieleweke kwamba hatuwezi kuinakili nyumba ile hapa Uganda. Adui wa Darmstadt ni baridi inayotaka kuingia. Adui wetu katika sehemu nyingi za nchi ni jua linalopiga bati, na moto wa kupikia unaomaliza msitu. Kitu cha kuiga ni utaratibu wao: hesabu kwanza, jembe baadaye.

MJUE ADUI WA MAHALI PAKO

Askari huhamishwa, bali nyumba haihamishwi. Mtu aliyezoea kambi ya Kampala asijenge Kabale kwa mazoea ya Kampala. Kabale iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa blanketi mbili. Huko nyumba yapaswa kupokea jua la asubuhi, kuta ziwe nene, na milango ifunge sawasawa ili joto la mchana libaki ndani. Karamoja mchana ni mkali na hewa ni kavu. Huko ukuta mnene na dirisha lenye kivuli huisaidia nyumba kubaki na ubaridi wa usiku hadi alasiri. Kandokando ya Ziwa Viktoria hewa ina unyevu, na mwili hupumzika upepo unapopita chumbani, si ukuta unapokuwa mnene.

Kwa hiyo swali la kwanza la mjenzi si "vyumba vingapi?" Swali la kwanza ni hili: "Hapa nilipo, tunasumbuliwa na nini, na saa ngapi?" Waulize wazee wa mahali hapo. Tazama nyumba zao za zamani. Nyumba ya nyasi haikuwa ushamba: paa lake nene lilizuia joto la mchana na baridi ya usiku, na ukingo wake ulishuka chini kuukinga ukuta na mvua na jua. Twaweza kuacha nyasi kwa kuogopa moto na kazi ya kuziezeka upya, lakini tusiache maarifa yaliyokuwa ndani yake.

JUA LINAPITA WAPI?

Mstari wa Ikweta unaikata barabara ya Masaka pale Kayabwe, na hakuna sehemu ya Uganda iliyo mbali sana na mstari huo. Maana yake ni kwamba jua letu hupita karibu na utosi. Mwezi Juni huegemea kaskazini, mwezi Desemba huegemea kusini, lakini wakati wa adhuhuri daima liko juu. Ukuta unaotazama kaskazini au kusini hupigwa na jua lililo juu, ambalo ni rahisi kulikinga kwa ukingo wa paa. Ukuta unaotazama mashariki au magharibi hupigwa na jua la chini, linaloingia dirishani moja kwa moja hadi kitandani, na hakuna ukingo wa paa unaoweza kulizuia.

Kanuni basi ni nyepesi. Urefu wa nyumba ulale kutoka mashariki kwenda magharibi. Madirisha makubwa yawe kaskazini na kusini. Upande wa magharibi, ambako jua la alasiri ni kali kupita yote, uwekewe stoo, bafu, au ukuta usio na dirisha.

Askari hahitaji mtaalamu kumwonyesha pande za dunia. Asiye na dira asimike fimbo ya mita moja juu ya kiwanja karibu na adhuhuri, aweke jiwe kwenye ncha ya kivuli, angoje nusu saa, aweke jiwe la pili kwenye ncha mpya. Jiwe la kwanza liko magharibi na la pili liko mashariki. Avute kamba kati yao: kamba hiyo ndiyo uti wa mgongo wa nyumba yake.

Watu wengi huigeuza nyumba itazame barabara ili wapitao waione. Mlango watazame barabara wakitaka. Lakini kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Na ikiwa kiwanja ni chembamba, tuseme cha futi 50 kwa 100, nacho kimelazimisha kuta ndefu zikabili magharibi, bado ipo njia. Panda migomba upande huo mwaka ule ule unapoweka msingi. Itakapofika siku ya kuhamia, kivuli kitakuwa kimeshakua, na matooke juu yake. Mti mkubwa kama mwembe au mparachichi upandwe mita kadhaa mbali na ukuta, mizizi isije ikasumbua msingi.

Tuangalie sasa ukingo wa paa. Karibu na Ikweta, siku jua linapoegemea sana, adhuhuri yake huacha wima kwa nyuzi 23 na nusu hivi. Kwa hesabu hiyo, ikiwa kutoka ukingo wa paa hadi chini ya dirisha ni mita moja na nusu, ukingo unaotokeza nje sentimeta 65 watosha kulitia dirisha zima kivulini adhuhuri ya siku yoyote ya mwaka. Agiza sentimeta 75 ili kuwe na ziada. Mafundi wengi hukata ukingo kwenye sentimeta 30 ili kuokoa mabati machache. Akiba hiyo ya siku moja hulipiwa miaka thelathini, kwa kuwa ukingo mfupi huruhusu jua kuingia na mvua kuula ukuta.

PAA LA BATI NA DARI YAKE

Bati hudumu, hukamata mvua safi, na hujengwa haraka. Lakini bati tupu juu ya vichwa vya watu ni sigiri iliyopinduliwa. Jua huliunguza, nalo hutuma joto lote chini. Dawa yake ina sehemu tatu. Kwanza, rangi iwe nyeupe au ing'aayo, si nyekundu iliyokolea wala nyeusi, kwa kuwa rangi nyepesi hurudisha sehemu kubwa ya jua lilikotoka. Pili, pawepo dari. Hata dari ya mikeka iliyosukwa vizuri hutenganisha watu na bati. Ya mbao au ya bodi ni bora zaidi. Tatu, na hili husahauliwa mno, hewa iliyo kati ya bati na dari ipewe njia ya kutoka. Acha matundu katika pembetatu ya ukuta chini ya paa, pande zote mbili, na uyafunike kwa wavu mgumu ili popo na panya wasiingie. Hewa ya moto hupanda. Ikikuta tundu itatoka, ikikosa itashuka chumbani.

Matundu hayo hayagharimu tofali, huokoa matofali. Yanahitaji tu kuwa yamechorwa kabla fundi hajapanda ngazi. Kule Kabale mtu ataweka dari iliyobana zaidi, na juu yake tabaka la kuzuia joto lisitoroke usiku.

CHUMBA KINACHOPUMUA

Chumba chenye dirisha upande mmoja tu huvuta pumzi kwa tundu moja la pua. Upepo hauingii mahali ambapo hauna mlango wa kutokea. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha katika kuta mbili. Lisipowezekana la pili, pawepo matundu ya juu katika ukuta wa ndani, ili hewa ipite kwenda ukumbini na kutoka upande wa pili.

Najua jibu la wengi: "Wezi." Familia ambayo baba au mama yuko kazini usiku ina haki ya kuogopa. Lakini kuziba dirisha ni kumfunga mwenye nyumba badala ya mwizi. Weka vyuma imara, na juu ya dirisha acha safu ya matundu yasiyopitisha hata mkono, yenye wavu wa mbu. Dirisha likifungwa usiku, matundu hayo huendelea kufanya kazi. Kadhalika chumba chenye mwanga wa kutosha hakihitaji taa saa sita mchana, na mtoto husomea dirishani bila kuuliza bei ya umeme.

Ili kujua upepo wa mahali pako, funga kitambaa juu ya mti katikati ya kiwanja, na mtu akiandike kila siku asubuhi, mchana na jioni kinaelekea wapi. Fanya hivyo wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Kazi hiyo yaweza kupewa mtoto wa darasa la tano, naye ataifanya kwa fahari.

UKUTA USIOMALIZA MSITU

Nyumba hula moto hata kabla ya kukaliwa. Tanuri la matofali huchomwa kwa kuni, na udongo wake mara nyingi huchimbwa katika bonde la maji. Ipo njia nyingine. Katika miaka ya 1950 mhandisi Raúl Ramírez, akiwa Bogotá nchini Kolombia, alitengeneza mashine ya mkono ya kukandamiza udongo ukawa tofali gumu bila kuchomwa. Baadaye yakaja matofali ya aina hiyo yenye meno yanayoshikana, ambayo hupunguza saruji ya kuungia. Hapa Uganda matofali hayo yamejenga shule, matangi ya maji na nyumba za watu, na mwaka 2009 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, lilichapisha kitabu kizima juu ya ujenzi huo nchini mwetu.

Udongo huchanganywa na saruji kiasi cha sehemu 5 hadi 10 katika mia, kwa kutegemea aina ya udongo. Udongo mweusi wa bustani haufai. Ili kujua kama udongo wako wafaa, jaza theluthi ya chupa nyeupe kwa udongo, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, kisha iache hadi kesho yake. Mchanga utalala chini, mfinyanzi utakaa juu. Tabaka la mchanga likiwa ndilo kubwa, na la mfinyanzi likiwapo kwa kiasi, una matumaini. Tofali likishakandamizwa, lifunikwe na kumwagiliwa maji kwa wiki mbili angalau, na lifikishe siku 28 kabla ya kubebeshwa mzigo. Fundi mwenye haraka ataliharibu kwa kulianika juani. Tena ukuta wa namna hii wataka msingi ulioinuka na ukingo mpana wa paa. Nasi tumekwisha kuuagiza.

JIKO: HAPA NDIPO PENYE VITA

Katika nyumba nyingi za nchi yetu moto mwingi zaidi hutumika jikoni, si katika taa. Na moto huo una historia. Kwa uchomaji wa kienyeji, kilo 100 za kuni kavu hutoa takriban kilo 10 hadi 20 tu za makaa. Zilizobaki zimekwenda na moshi. Mwezi Mei mwaka 2023 amri ya Rais ilipiga marufuku uchomaji wa makaa kwa biashara katika sehemu za kaskazini mwa Uganda, na vyombo vya usalama vikapewa kazi ya kuitekeleza. Si vizuri askari azuie lori la makaa barabarani, na nyumbani kwake jiko likawa limejengwa kwa namna inayolihitaji lori hilo.

Kila familia na ifanye hesabu yake yenyewe. Andika tarehe unayofungua gunia na tarehe linapokwisha. Tuchukue mfano wa nyumba ambayo gunia hudumu siku 20. Hayo ni magunia 18 kwa mwaka, na 180 kwa miaka kumi. Sigiri yenye udongo wa kufinyangwa ndani, ya namna iliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980, ikiokoa theluthi moja tu, magunia 60 yamebaki msituni, na bei yake imebaki mfukoni. Zidisha kwa bei ya soko lako, uone ni mabati mangapi.

Lakini sigiri njema haitoshi kama jengo lenyewe ni baya. Jiko likae upande ambao upepo unatoka, ili moshi usipite vyumbani. Anayepika kwa kuni ajengewe jiko la udongo na tofali lenye bomba linalopanda juu ya paa, si matatu ya mawe yanayotupa moto pande zote. Pawepo tundu kubwa juu ya moto, na dirisha mbele ya anayepika. Pawepo pia rafu kavu ya kuni, maana kuni mbichi huchemsha maji yake zenyewe kabla ya kuchemsha ya chungu. Na pawepo pembe ya kikapu cha kuhifadhi joto: kikapu kikubwa kilichojazwa majani makavu ya mgomba na vitambaa. Maharagwe yaliyolowekwa usiku, yakichemka kwa muda na kufunikwa humo, huendelea kuiva bila moto huku mama akifanya kazi nyingine.

Mwenye umeme na aagize tangu sasa waya mnene na soketi imara jikoni. Sufuria ya presha ya umeme hupika maharagwe kwa chini ya uniti moja. Hata kama hutainunua mwaka huu, kupitisha bomba la waya kabla ya plasta ni kazi ya dakika. Kuupasua ukuta baadaye ni kazi ya siku.

Neno moja lisisahauliwe, hasa kwa walio katika milima ya baridi. Sigiri ya makaa isiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa ili kupasha joto. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Nyumba iliyopangwa ihifadhi joto la mchana humwondolea mtu kishawishi hicho.

SOLA IJE MWISHO

Sasa tunaweza kuzungumza juu ya paneli. Tuchukue nyumba yenye taa 6 za LED za wati 9, zinazowaka saa 4 kila usiku: wati-saa 216. Redio ya wati 10 kwa saa 5: 50. Simu tatu: 30. Televisheni ya wati 40 kwa saa 4: 160. Jumla ni wati-saa 456 kwa siku. Tukihesabu saa 5 za jua kamili, na kuondoa theluthi moja hivi inayopotea njiani, kila wati ya paneli hutupa wati-saa 3 na nusu. Kwa hiyo wati 130 zinatosha. Nunua paneli ya 150. Betri ya volti 12 yenye ampia-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, na ukitumia nusu yake tu ili idumu, bado una ziada.

Weka sasa katika nyumba hiyo hiyo taa 6 za zamani za wati 60. Taa peke yake zitakula 1,440, na jumla itakuwa 1,680. Utahitaji paneli za wati 480 na betri tatu kama ile. Nyumba ni ile ile, watu ni wale wale, mwanga ni ule ule. Ndiyo maana twasema: punguza kwanza, kisha nunua.

Kuna adui mmoja ambaye kila askari na polisi anamjua: pasi. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo kwa nusu saa hula wati-saa 500, yaani zaidi ya taa, redio, simu na televisheni za siku nzima katika hesabu yetu ya kwanza. Sare lazima zinyooke, hilo halina mjadala. Lakini zinyooshwe zote mara moja kwa wiki, pasi ikiwa imeshapata moto, wala isiwashwe kila alfajiri kwa shati moja.

KIKAO CHA FAMILIA

Tangu mwaka 2007 maelfu ya askari wetu wamekwenda kutumikia Somalia, na wapo waliojenga kwa fedha walizopata huko, wakimtegemea ndugu au fundi kusimamia. Fedha hutumwa, mchoro hautumwi. Hebu tufikiri sajini mmoja yuko likizo, ameketi na mkewe.

"Mama Rehema, fundi anataka kuanza Jumatatu."

"Vyema, Baba Rehema. Amekuuliza jiko litakuwa upande gani?"

"Hayo ya jiko yatakuja baadaye."

"Yakija baadaye, nitayalipia mimi kila siku asubuhi."

Mama huyo amesema kweli. Anayepika, anayefua, anayelea mtoto mgonjwa katika chumba chenye joto, ndiye mpelelezi anayeijua ardhi ya nyumba. Na kama askari ni yeye mama, na baba ndiye anayebaki nyumbani, sheria ni ile ile: asiyeulizwa ndiye atakayelipa. Kabla ya kumwita fundi, familia ichore nyumba kwa mchanga au kwa majivu juu ya kiwanja chenyewe, kwa vipimo kamili. Kila mtu atembee ndani yake saa tatu asubuhi na tena saa kumi alasiri, auone mwelekeo wa jua na upepo.

Vilevile wakubaliane juu ya ukubwa. Kila mita mraba itaezekwa, itapakwa rangi, itawashiwa taa. Vyumba viwili vyenye dari, madirisha na jiko zuri ni bora kuliko sita vinavyongoja mabati hadi siku ya kustaafu. Mchoro mzuri huonyesha tangu mwanzo mahali chumba cha tatu kitakapoungwa, ili ukuta usije ukavunjwa.

Mambo yafuatayo yaandikwe katika mapatano na fundi, na msimamizi ayakague moja moja, apige picha kwa simu na kumpelekea mwenye nyumba kabla ya malipo ya kila hatua:

1. Kamba ya mashariki na magharibi imevutwa, na kuta ndefu zinaifuata.
2. Hakuna dirisha kubwa la kulala upande wa magharibi.
3. Kila chumba kina njia mbili za hewa, zenye wavu.
4. Ukingo wa paa umetokeza sentimeta 75, umepimwa kwa futi ya fundi, si kwa macho.
5. Matundu ya chini ya paa yapo pande zote mbili.
6. Dari imo katika hesabu ya fedha, si katika ahadi.
7. Bomba la moshi na mahali pa jiko vimeonyeshwa katika mchoro.
8. Mabomba ya nyaya yamepitishwa kabla ya plasta.

Katika mambo hayo manane, mawili ya kwanza hayagharimu hata shilingi. Mengine yanaongeza kidogo katika gharama ya ujenzi, na hurudi kidogo kidogo kila siku chakula kinapopikwa na kila usiku mtoto anapolala bila kutokwa jasho.

Mshahara wa askari una mwisho wake. Siku ya kustaafu hufika, sare hurudishwa stoo, na mapato hupungua. Lakini gunia la makaa na uniti ya umeme havimjui mstaafu. Nyumba iliyopangwa vizuri humpunguzia mzee madai ya kila mwezi wakati ambapo hana tena nguvu ya kuyalipa. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Tuongeze kwamba haba na haba hukimaliza pia, kama kibaba kina tundu. Tundu hilo lizibwe leo, kwa penseli, wakati kiwanja bado ni majani matupu.